Mzaha Usio na Mtani

Mlolongo ni mji wa wageni. Jina lake limetokana na foleni ndefu ya malori yaliyokuwa yakingoja zamu kwenye mizani ya barabara kuu ya Mombasa, na wakazi wake nao waliletwa na barabara hiyo hiyo: madereva na matanboi waliolala usiku mmoja wakaishia kupanga chumba, vibarua wa viwanda vya saruji na nguo vya Athi River, mafundi wa magurudumu, wauza vyakula, na familia zilizokimbia kodi za Nairobi. Tangu 2022 barabara ya Expressway, yenye urefu wa kilomita 27, inaanzia hapa na kuishia Westlands, nayo imeongeza wapitaji. Katika ploti zetu unaweza kuishi mwaka mzima bila kujua jina la pili la jirani unayepokezana naye zamu kwenye mfereji.

Mji wa namna hii unaendeshwa na imani kati ya watu wasiojuana. Mwendeshaji boda boda anambeba usiku abiria asiyemfahamu. Mama mboga anakopesha sukuma wiki kwa ahadi ya mdomo. Mtu akipiga kelele gizani, milango inafunguliwa na watu wanatoka na tochi. Hakuna ukoo unaowalazimisha kutoka, wala mzee wa mbari wa kuwatoza mbuzi wasipotoka. Wanatoka kwa sababu wanaamini kwamba anayelia analia kweli. Kwa maoni yangu, hii ndiyo mali kubwa kuliko zote tuliyo nayo kwa pamoja hapa. Ndiyo maana nimekuwa nikiutazama kwa uchungu mchezo ulioshika mitaa yetu, mzaha wa kamera, ule ambao vijana wanauita prank.

Nilishuhudia mmoja karibu na daraja la wapita njia, jioni, saa ambayo watu wa viwandani wanateremka kwenye matatu. Mwanamke wa makamo alikuwa akikaanga viazi karai. Kijana alimjongelea kama mteja, akauliza bei, huku mwenzake akiwa ng'ambo ya mtaro amemwelekezea simu. Yule wa kwanza akachomoa nyoka wa mpira mfukoni, akamtupa mezani. Mama aliruka nyuma, kiwiko chake kikagonga karai, mafuta yakamwagika na kutokota mavumbini, hatua moja tu kutoka alipokuwa amekaa mtoto wake, daftari la shule juu ya ndoo iliyofunikwa. "Mama, ni prank! Cheka, uko kwa kamera!" Waliokuwa pale wakacheka. Mama naye akacheka, mkono kifuani, kicheko cha mtu ambaye moyo wake bado unadunda. Wakamwomba awapungie watazamaji mkono, akapunga. Kisha wakaenda zao. Akabaki akiokota kiazi kimoja kimoja, vilivyoingia mchanga akivitupa kwenye gunia la taka, akachungulia kwenye kibuyu cha plastiki kuona kama mafuta yaliyosalia yangemfikisha saa tatu.

Hayo ya mwisho hayamo kwenye video. Video iliishia mama akipunga mkono.

Mchezo huu una nasaba yake. Mmarekani Allen Funt aliuanzisha redioni mwaka 1947 kwa kipaza sauti kilichofichwa, na mwaka uliofuata akauhamishia kwenye runinga, ukajulikana kama Candid Camera. Mwaka 2003 kituo cha MTV kilileta Punk'd ya Ashton Kutcher, na neno hilo la mitaani la Marekani likazoeleka kwa maana ya mtu kuchezwa mchana kweupe, akaambiwa baadaye kwamba kamera ilikuwa ikimtazama muda wote. Kenya nayo ikapata kipindi chake, Naswa, kwenye runinga ya Citizen, na jina hilo limebeba maana yote: aliyenaswa kama ndege mtegoni. Lakini vipindi vya namna hiyo, kwa desturi ya runinga ya Marekani, vilikuwa na mlango wa kutokea. Aliyechezwa alifichuliwa siri, akapewa karatasi ya kutia saini, na akikataa sura yake haikurushwa. Simu ya mkononi imeiondoa karatasi ile. Leo anayerekodi ndiye mtayarishaji, mhariri, kituo na hakimu, na aliyechezwa anajiona usiku kwenye simu ya jirani.

Afrika Mashariki haikungoja Marekani ije kuifundisha kufanyiana mizaha. Sisi tuna utani, na utani wetu ni sheria kamili isiyoandikwa. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliueleza uhusiano wa aina hii kuwa ni ule ambao mmoja ana ruhusa, na mara nyingine wajibu, wa kumdhihaki mwenzake, na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Katika miaka hiyo hiyo R. E. Moreau alikuwa akiandika juu ya utani wa Tanganyika, na picha inayojitokeza ni ya makabila yaliyofungamana kwa ruhusa hiyo: Wanyamwezi, Wazaramo, Waluguru, Wangoni na wengineo. Sehemu kubwa ya utani huo ilikomaa katika njia za misafara. Mpagazi Mnyamwezi aliyetembea miezi mingi hadi pwani alipita katika nchi za watu wengine akiwa na njaa na mzigo begani. Utani ulimpa haki ya kuingia kwa mgeni, kuchukua chakula bila kuitwa mwizi, na kutukanana na mwenyeji bila damu kumwagika. Kwa njia hiyo watu wasio na nasaba moja walijitengenezea undugu.

Lakini haki hiyo ilikuwa na deni lake. Uzaramo na Uluguru, mtani ndiye anayekuja msibani kufanya kazi ambazo wafiwa hawaziwezi. Anachimba kaburi. Anavaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, mpaka waliokuwa wakilia wanacheka huku machozi hayajakauka. Anaweza kuingia kaburini akakataa kutoka mpaka alipwe. Aliyekuwa akikutania ukiwa hai ndiye anayekuzika, na kwa ajili ya hilo kejeli zake zote zinasameheka.

Hapa Ukambani pia mipaka inajulikana. Susu, yaani bibi, anaweza kumwita mjukuu wake mume wangu, hasa akiwa amebeba jina la babu yake, akamdai nguo mpya na kumlalamikia kwamba amemtelekeza. Mtoto anakua akijibu kwa maneno makali zaidi, na nyumba nzima inafurahi. Kwa mama mkwe, mtoto huyo huyo atakapooa, hatathubutu. Atampisha njiani. Kila mtu anajua nani anaruhusiwa kuchezwa na nani hachezwi, na ruhusa hiyo haitoki kwa mcheshi. Inatoka kwenye uhusiano.

Mjini hatukuupoteza utani huo, tuliubadilisha sura. Mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards wanaitana watani wa jadi, kama wa Simba na Yanga kule Dar es Salaam, na Jumatatu baada ya mechi aliyefungwa anajua atakayoyasikia kazini. Watoto wa Nairobi walibuni mchongoano, mashindano ya kudhihakiana kwa zamu, na sharti lake kuu ni kwamba aliyechongolewa ana haki ya kujibu. Hapa kwenye maegesho ya malori, dereva wa Kampala na wa Mombasa watataniana juu ya chai asubuhi nzima, kisha mmoja atamshikia mwenziwe jeki. Misafara haijaisha. Imebadili wapagazi kwa matrela, na Mlolongo ni kituo chake. Kama kuna mji uliopaswa kurithi utani wa kweli, ni huu.

Prank ya mitaani haina hata moja ya nguzo hizo. Aliyechezwa hana uhusiano na aliyemcheza. Hana zamu ya kujibu. Hana msiba ambao mcheshi atauhudhuria. Na ukitazama video hizo kwa wingi utaona jambo linalouma zaidi: wanaochezwa ni wale wale. Ni mama wa viazi, bawabu wa usiku, mzee wa mkokoteni, mtu aliyesinzia kwenye matatu. Sijaona nyoka wa mpira akitupwa kwenye meza ya afisa wa kaunti. Kicheko kinatafuta mahali ambapo hakitatozwa chochote.

Hekaya zetu zilikwenda upande mwingine. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na ndogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani, kwa tamaa, akapokea zote mbili bila swali. Safari ya pili Abunuwasi akaleta habari kwamba sufuria imekufa, na aliyekubali kwamba sufuria huzaa hakuwa na namna ya kukataa kwamba hufa. Hila hiyo imewafurahisha Waswahili kwa vizazi vingi kwa kuwa ilimnasa mtu kwa uchoyo wake mwenyewe. Mama wa viazi alinaswa kwa nini? Kwa kumkaribisha mteja.

Hata hila inayowalenga wakubwa inahitaji kuulizwa ni nani anayelipia kicheko. Mwaka 1905 wanafunzi wa Cambridge, miongoni mwao Horace de Vere Cole na Adrian Stephen, walijipaka rangi usoni na kuvaa majoho, wakajifanya msafara wa ami yake Sultani wa Zanzibar. Meya wa mji akawapokea kwa heshima na kuwatembeza. Februari 1910 Cole na Stephen walirudia hila hiyo kwa ukubwa zaidi. Wakiwa pamoja na Virginia, dada yake Stephen, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama Virginia Woolf, walipanda manowari ya Uingereza, HMS Dreadnought, wakijiita wakuu wa Uhabeshi. Jeshi la majini halikuwa na bendera ya Uhabeshi, likapandisha ya Zanzibar na kupiga wimbo wa taifa wa Zanzibar. Stephen, aliyekuwa mkalimani, alijaribu kujifunza Kiswahili ndani ya treni kutoka kwenye kitabu cha sarufi. Kilipomwishia, akajaza nafasi kwa mashairi ya Kilatini aliyoyavuruga. Uingereza ilicheka kwa miaka mingi jinsi majemadari walivyoaibishwa, na ni kweli waliaibishwa. Lakini mzaha ule ulifaulu kwa sababu kila mtu melini alikubali kwamba Mwafrika ni joho, rangi na maneno yasiyo na maana. Lugha ya washairi wa Lamu na Mombasa ilitumiwa kama kelele. Wachezwa walikuwa majemadari, waliolipia tulikuwa sisi.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Katika nchi yetu methali hii imeandikwa kwa damu. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148. Kabla ya hapo kulikuwa na maonyo, na baadhi ya wanafunzi waliyadhania kuwa utani wa Siku ya Wajinga. Sisemi kwamba kuyaamini kungewaokoa wote. Nasema kwamba onyo la kweli lilifika siku ambayo desturi imeitenga kwa uongo, likakuta mlango umefungwa. Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kuigiza shambulio, risasi zikasikika, na wanafunzi na wafanyakazi ambao hawakujua kwamba ni zoezi wakaruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki na watu wengi wakaumia. Desemba, ndege ya Air France iliyotoka Morisi kwenda Paris ilitua kwa dharura Mombasa ikiwa na abiria 459 na wahudumu 14, kwa sababu ya kifaa kilichopatikana chooni. Kilikuwa maboksi, karatasi na saa ya jikoni. Ndani ya mwaka mmoja nchi hii ilionyeshwa pande zote za jambo moja: ukweli ukidhaniwa mzaha watu hufa, na hofu ya kuigizwa ikidhaniwa kweli watu hufa pia.

Sasa nirudi hapa nyumbani, maana kuna mzaha mmoja ambao Mlolongo haupaswi kuuvumilia hata kidogo. Ni ule wa kuigiza utekaji: gari linasimama ghafla, waliofunika nyuso wanashuka, mtu anavutwa mlangoni akipiga mayowe, kisha vitambaa vinavuliwa na wote wanacheka.

Tarehe 23 Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoka katika mahakama ya Mavoko, manispaa yetu hii, wasifike walikokuwa wakienda. Mwenda alikuwa mwendeshaji boda boda aliyethubutu kumshtaki polisi aliyempiga risasi. Walifungiwa kwenye kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, jirani kabisa na hapa. Kimani aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya chooni, akaomba mkewe apigiwe simu na kuambiwa kwamba yuko hatarini, akakirusha nje. Miili ya wote watatu ilipatikana baada ya siku chache mtoni, Ol Donyo Sabuk. Mwaka 2022 mahakama iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja, na Februari 2023 ikawahukumu.

Nataka tukae kidogo na karatasi ile. Kipande cha karatasi ya chooni, kimeanguka chini karibu na uzio, kina namba ya simu na maneno ya kuomba msaada. Hakina muhuri, hakina uthibitisho, na aliyekiokota hakuwa na sababu yoyote ya kuamini. Aliamini. Alipiga simu. Watu hawakuokolewa, kwa kuwa wauaji walikuwa na mbio zaidi, lakini ujumbe ule ulionyesha walikokuwa wamefungiwa, na haki ikapata pa kuanzia. Mtu huyo, ambaye angeweza kukikanyaga kile kipande akapita, ndiye Mlolongo ninaoupenda. Je, leo, baada ya video zote tulizozitazama, kijana akiokota karatasi kama ile atapiga simu, au atageuka kutafuta kamera ilipofichwa?

Swali hili si la kufikirika. Desemba 2024, wakati nchi nzima ikilalamikia utekaji, wanaume wanne walichukuliwa hapa Mlolongo. Mwishoni mwa Januari 2025 miili ya wawili wao ilitambuliwa katika mochari ya jiji la Nairobi. Mji uliozika watu kwa namna hiyo una haki ya kusema kwamba mayowe ya mtu anayevutwa garini si mali ya kuchezea. Kila mayowe ya uongo yanawafundisha wapita njia kutogeuka, na wateka nyara wa kweli hawahitaji msaada mwingine zaidi ya huo.

Sheria ipo. Katiba ya 2010 inalinda hadhi ya kila mtu katika kifungu cha 28 na faragha yake katika kifungu cha 31. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inailinda sura ya mtu kama data yake binafsi, na mwaka 2023 Kamishna wa Data alilitoza jumba moja la burudani Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kusambaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Mama wa viazi ana haki hiyo hiyo, ingawa hana wakili. Lakini sitaki jambo hili liishie mahakamani. Wanaorekodi ni watoto wetu, wengi wamemaliza shule na hawana kazi, na watazamaji wa simu wamewaonyesha kwamba hofu ya mtu inalipa haraka kuliko kibarua cha saruji. Wana kipaji: wanajua wakati wa kicheko, wanajua kuigiza, wanajua kuhariri. Kipaji hicho kingeweza kutunga michezo ya kuigiza kwa watu waliokubali kuigiza, au mchongoano ambao kila mmoja ana zamu yake, au hila za Abunuwasi kwa wala rushwa wanaomsumbua dereva wa lori barabarani.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa pande mbili. Wewe mwenye simu, kabla hujamrushia mtu nyoka wa mpira, jiulize kama siku ya msiba wake utakwenda kumchimbia kaburi. Kama huendi, wewe si mtani wake, na huna ruhusa. Ukiwa umekwisha kumcheza, mlipe alichopoteza, umwombe idhini, na akikataa ufute video yake mbele ya macho yake. Nasi tunaotazama, tuache kusambaza hofu ya watu maskini kama burudani, na video ya utekaji wa kuigiza tusiipe hata mtazamo mmoja. Kisha mayowe yakisikika usiku huu nyuma ya maegesho ya malori, tutoke na tochi zetu kama tulivyozoea.